Kubadilisha chasisi na kufunga wayaringi mpya kwenye Land Rover 109 pikapu, mwongozo kamili wa mtu aliyeunguza waya wa choki

Wakuu, mara ya kwanza nilipomaliza kubadilisha chasisi ya 109 ya mzee wangu, nikapanda, nikageuza ufunguo, starta ikajikongoja mzunguko mmoja na nusu hivi afu nikaona moshi. Sio moshi wa injini, moshi wa choki, yaani ule waya unaouvuta kwa mkono ukiwa umekaa kwenye siti. Nikaushika nikaungua kidole. Betri mpya, starta imetoka kusukwa, chasisi imepigwa rangi nyeusi inang'aa mpaka unajiona, kumbe balaa lilikuwa hapohapo kwenye kung'aa.

Injini ya Land Rover inakalia raba. Chasisi yangu ilikuwa na koti tatu za rangi. Ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na chasisi nilikuwa nimeutupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu kwa vile niliuona umechakaa, nikasema nitatafuta mwingine, nikasahau. Sasa umeme wa starta ni mwingi sana na lazima urudi kwenye negativu ya betri, njia yake imekatwa, ukatafuta nyingine, ikaonekana ni waya wa choki maana umeshika kabureta huku na dashibodi kule. Ukapita hapo, ukawaka kama koili ya jiko.

Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie atabadilisha chasisi kwanza afu wayaringi ataiangalia baadaye. Chasisi ni nusu ya wayaringi. Kila taa ina waya mmoja wa kwenda tu, wa kurudi ni chuma chenyewe. Ukibadilisha chuma umebadilisha waya. Kwa hiyo hizi kazi mbili nitazieleza pamoja, zinavyofuatana kweli.

Gari ninayoizungumzia

Ni Series III, 109, pikapu ya petroli, ile injini ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na hiyo 109 ni inchi toka katikati ya ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, ambayo ni milimita 2769, hiyo namba iandike ukutani tutaihitaji. Ya kwetu ilifanya kazi shamba la mkonge miaka mingi kabla mzee hajainunua, afu ikaja kuishi Tanga mjini karibu na bahari, na hapo ndo ilipoisha.

Watu wanasema Land Rover hailiwi na kutu kwa sababu bodi ni alumini. Bodi kweli ni alumini, lakini chasisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu yako, tuuite bulkhedi, nao ni chuma. Chasisi ni boksi, bati nne zimechomelewa pamoja ndani kuna uwazi, kwa hiyo tope na chumvi vinaingia ndani vinakaa, kutu inaanza ndani inakuja nje. Ukiona tundu kwa nje ujue ndani palishaoza siku nyingi. Chukua nyundo ndogo uipigepige chasisi yote, pazuri panalia ngii, pabovu panalia bufu kama unapiga boksi la karatasi. Pa kwangu: mtambao (chuma kinachokatiza kuunganisha mbavu mbili za chasisi) wa nyuma kabisa ulikuwa umebaki jina, mikono inayoshika miguu ya bulkhedi imeoza yote miwili, na pale springi za nyuma zinaposhikilia bisibisi ilizama. Mkono mmoja ukioza unachomelea mwingine, hamna shida. Springi zikikosa pa kushika ndo unaanza kufikiria chasisi nzima.

Karatasi kwanza, spana baadaye

Namba ya chasisi kwenye Series III imegongwa mbele kulia, pale chasisi inaposhika springi, na ipo pia kwenye kibati ndani ya gari. Ukitupa chasisi umetupa namba. Nenda TRA kabla hujafungua hata bolti moja, ukaulize wanataka nini kwenye kubadilisha taarifa za kadi, na ujue utahitaji ukaguzi wa polisi. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni NTSA na logbook. Shika risiti ya chasisi unayonunua, na usikate kile kipande cha zamani chenye namba ukakitupa kabla hujaambiwa. Na fundi akikwambia tutagonga tu ile namba ya zamani kwenye chasisi mpya, mwambie asante, afu ondoka. Hiyo inaweza kukuletea kesi hata kama gari ni ya baba yako.

Chasisi ipi

Kuna ya mtumba na kuna mpya. Uingereza wanatengeneza mpya mpaka leo, Richards na Marsland ndo majina yanayotajwa sana, zinakuja zimezamishwa kwenye zinki, galvanaizi, hiyo ukifunga watoto wako ndo watakuja kuibadilisha. Bei yake na meli na ushuru, piga hesabu ukiwa umekaa. Mi nilichukua ya mtumba kutoka bara, kule kukavu, toka kwenye gari iliyopinduka.

Hapo kwenye kupinduka tuelewane. Chasisi iliyopinda huwezi kuiona kwa macho. Iweke juu ya stendi nne, uilinganishe kwa pima maji, chukua futi ya chuma na msaidizi, pima kutoka tundu la springi mbele kulia hadi tundu la springi nyuma kushoto, afu kinyume chake. Vipimo viwili vya mkingamo vinatakiwa viwe sawa. Tofauti ya milimita mbili tatu naivumilia, ikizidi sita siinunui hata unipunguzie, maana gari itatembea ubavu kama kaa na tairi zitakuwa zinaisha upande mmoja maisha yako yote.

Na ujue 109 sio zote moja. Stesheni wagoni tenki lake liko nyuma na mikono ya kushika bodi haikai sawa na ya pikapu, ambayo tenki liko chini ya siti. Muuzaji atakwambia zote ni 109. Za jeshi nazo ni habari nyingine. Nenda na picha za chasisi yako na vipimo vya matundu, usiende na kumbukumbu.

Kufungua bila kupoteza akili

Nunua vitu hivi kabla: mifuko ya plastiki ya kufungashia ubuyu, mia moja, maka peni, tepu ya karatasi, na daftari. Simu ipige picha mpaka ikuombe msamaha. Kila bolti inayotoka inaingia kwenye mfuko na mfuko unaandikwa imetoka wapi. Ujinga mkubwa nilioufanya mara ya kwanza ni kuweka bolti zote kwenye debe moja, zile bolti hazilingani nyuzi, nyingine za zamani za Kiingereza nyingine UNF, aina tofauti ya nyuzi, ukilazimisha unaua nati iliyomo ndani ya chasisi.

Waya zote weka lebo kabla hujakata au kuchomoa, ncha zote mbili. Usiandike "waya mwekundu", baada ya miaka arobaini na zaidi yote imekuwa rangi ya udongo. Andika inakotoka na inakokwenda: "swichi ya breki kwenda nyuma". Na usiitupe wayaringi ya zamani hata kama imekaukiana kama mkeka, itoe nzima uilaze sakafuni kama nyoka, ndo ramani yako ya urefu na matawi.

Mpangilio wangu: toa betri. Mwaga maji na oili. Toa tenki la petroli, lipeleke mbali kabisa na pale grainda itakapotoa cheche, na tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, mvuke ndo unaolipuka. Afu bonneti, madigadi ya mbele, rejeta na fremu yake. Paa la kebini, milango, siti, bati za sakafu, boksi la siti. Bodi ya nyuma ukishatoa bolti zake na ukakata waya za taa, vijana sita wanainyanyua wanaiweka pembeni, alumini ni nyepesi, ila angalieni mikono kwenye kingo. Bulkhedi inatoka mwisho kwenye bodi, kwanza chomoa pedali, paipu za breki, shafti ya usukani na waya zote zinazoipitia.

Injini na giaboksi usijaribu kwa nguvu za watu. Cheni bloku ya tani moja na kitu cha kuaminika cha kuning'iniza. Najua wengi tunatumia mwembe. Mi pia nimetumia mwembe. Ila tawi liwe bichi, nene, karibu na shina, na mtu asikae chini ya injini hata sekunde.

Pata nafasi ya kuweka chasisi mpya kando ya ya zamani, sambamba. Kitu kinatoka huku kinaoshwa kinaingia kule. Ukivua gari lote ukalitawanya kwenye banda, nusu hutaiona tena, watoto wa mtaani wanajua bei ya shaba kuliko wewe.

Relei ya usukani, sio ya umeme

Hii naipa kichwa chake. Kwenye mtambao wa mbele wa chasisi kuna kitu kama mtungi, kimepenya juu mpaka chini, kinapokea usukani juu na kuupeleka kwenye magurudumu chini. Kinaitwa relei. Kinashikana na chasisi kwa kutu kama vimezaliwa pamoja. Changu kilitoka siku ya pili jioni, baada ya mafuta ya kulegezea kutu, moto, jeki ya mafuta chini na nyundo ya kilo nne. Usikifungue chenyewe ndani. Mna springi imebanwa kwa nguvu kubwa sana, ikiruka inavunja taya. Kama kinazunguka vizuri na kizito kidogo kijaze oili ukirudishe. Kama kimeharibika, tafuta kizima kingine.

Kuandaa chasisi, na hapa ndo wayaringi inaanza

Ya mtumba ipige msasa au mchanga, chomelea palipo na ufa, halafu rangi ya zinki, halafu nyeusi. Ndani ya boksi mimina nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu, kama huna watu wanamimina oili chafu, inasaidia kiasi lakini inachuruzika mwezi mzima na inakula raba. Hakikisha matundu ya kutolea maji chini yamezibuliwa.

Ya galvanaizi ina mambo yake mawili. Nyuzi za nati zimejaa zinki, pitisha tapi (chombo cha kukatia nyuzi) kila tundu, usilazimishe bolti. Na usichomelee juu ya zinki bila kuisaga kwanza, ule moshi mweupe unakulaza kitandani na homa usiku huohuo. Ukichomelea chochote gari ikiwa na alteneta (mashine inayochaji betri), chomoa betri na alteneta, diodi zake hazina uvumilivu.

Sasa kabla hujafunga ekseli, fanya kazi mbili ambazo wote tunazisahau.

Ya kwanza: waya za taa za nyuma kwenye gari hii hazipiti chini ya chasisi, zinapita ndani ya ubavu wa chasisi, zinaingia mbele zinatokea kwenye mtambao wa nyuma. Chasisi ikiwa tupu unazipitisha dakika kumi. Ikiwa imeshafungwa bodi utalia. Unapotoa za zamani, funga kamba ya nailoni kwenye ncha yake ili ukizivuta kamba ibaki ndani, itakuonyesha njia. Kwenye chasisi mpya tumia waya wa breki ya baiskeli, ni mgumu wa kusukumika na unapinda kwenye kona. Za asili zinazokwenda nyuma ni nne: paking, breki, indiketa kushoto na kulia. Mi nilipitisha sita. Ya tano ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ya taa za nyuma moja kwa moja, ya sita ya akiba, kesho utataka taa ya rivasi au tela. Zivike mpira mmoja kwa pamoja, na kila tundu la chuma linakopita waya liwe na raba. Ukikosa raba za dukani kata tyubu ya baiskeli uzungushe mara tatu ufunge.

Ya pili: sehemu za ethi. Chagua sehemu nne za kusaga rangi mpaka chuma cheupe kionekane, ukubwa wa sarafu: ya betri, ya injini, ya bulkhedi, na ya nyuma kwenye mtambao. Funga bolti na washa yenye meno, kaza, afu paka grisi au vaselini juu na pembeni BAADA ya kukaza. Kama ni galvanaizi huna haja ya kusaga sana, zinki inapitisha umeme, safisha tu ing'ae.

Kurudishia

Springi kwanza. Hazifanani kushoto na kulia, ya upande wa dereva ni ngumu zaidi, ndo maana nilisema lebo. Bolti za springi ziingize lakini usizikaze mpaka gari iwe imekaa chini kwa matairi yake na uzito wake wote, kwa sababu bushi ni raba iliyoshikana na chuma, ukizikaza gari ikiwa juu zinakazika zikiwa zimejipinda, miezi mitatu zimechanika. Yubolti za ekseli kaza sawasawa kwa mkingamo. Hapo pima ile 2769 upande wa kulia na wa kushoto. Zikilingana, kunywa chai.

Paipu za breki funga mpya, za shaba mchanganyiko na nikeli, usirudishe za zamani hata moja, na pima nyuzi za nati zake kabla. Wakati wa kutoa upepo kaza kwanza breki za matairi yote mpaka zishike, upepo unatoka haraka, afu ndo uziregeze mahali pake. Bila hiyo utapampu mpaka kiatu kitoboke.

Bulkhedi iweke na bolti zilegee. Bodi ya nyuma iweke nayo ilegee. Ning'iniza milango. Sasa sogeza bulkhedi mbele nyuma mpaka mlango ufunge bila kusukumwa na uwazi uwe sawa juu na chini, weka washa chini ya miguu ikibidi, ndo ukaze kila kitu. Ukikaza kabla ya milango utaweka milango kwa mguu. Pale alumini inapogusana na chuma weka kipande cha raba au rangi nzito katikati, hizi metali mbili zikilowana maji ya chumvi alumini inakuwa unga mweupe. Na sasa umeshaona mtego, ukitenganisha alumini na chuma umekata njia ya umeme wa bodi. Kwa hiyo bodi ya nyuma lazima ipate waya wake wa ethi, ule wa tano.

Wayaringi

Series III ni ethi negativu. Ukikuta gari ya zamani zaidi, ya miaka ya 60, angalia kwanza, nyingine ni positivu ndo ethi, ukichanganya unaua alteneta.

Rangi za waya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, zijue kama jina lako, zinakuokolea wiki nzima. Kahawia ni moto, yaani umeme, wa moja kwa moja toka betri, hauna fyuzi, huu ndo unaochoma magari. Nyeupe ni baada ya swichi ya ufunguo. Kijani ni baada ya ufunguo na fyuzi. Zambarau ina fyuzi lakini iko moto muda wote. Nyekundu ni paking. Bluu ni taa kubwa, yenye mstari mweupe ni ful, mstari mwekundu ni dimu. Kijani chenye mstari mwekundu indiketa kushoto, mweupe kulia, zambarau taa za breki. Geji ya mafuta kijani na nyeusi, joto kijani na bluu. Nyeupe na kahawia taa ya oili, kahawia na njano taa ya chaji, nyeupe na nyekundu inakwenda kuamsha starta. Nyeusi ethi. Ukikosa rangi halisi madukani nunua unazopata, ila andika ramani yako kwenye karatasi uipige laminesheni uifiche chini ya siti. Atakayekuja baada yako atakuombea dua.

Waya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uti mmoja unakatika kwa mtikisiko, na unakatikia ndani ya ganda, hutauona. Unene piga hesabu, wati gawanya kwa 12. Taa kubwa mbili za wati 60 ni wati 120, ampea 10, hapo weka waya wa milimita mraba 2 au zaidi. Paking, geji na taa za dashi 1 inatosha. Toka alteneta kwenda betri 6. Alteneta ya Lucas 18ACR inatoa ampea 45 kwa hiyo usiweke uzi wa kushonea. Starta na ethi kuu ni kebo nene, 25 kwenda juu, mi nimeweka 35.

Fyuzi. Zile za kioo za Kiingereza zimeandikwa 35, watu wanabadilisha kuweka za kisasa za plastiki na wanaweka 35 vilevile. Usifanye. Ile 35 ya Lucas maana yake inaungua ikifika 35, ila kufanya kazi muda wote ni 17.5. Za kisasa 35 inabeba 35 muda wote, mpaka waya ushike moto. Weka 15, ikiungua tafuta sababu. Na weka boksi la fyuzi nane au kumi, tenganisha taa kubwa kushoto na kulia, usiku Segera fyuzi moja ikifa bado unaona.

Taa kubwa kwa asili umeme wake wote unapita kwenye swichi ya usukani, ndo maana swichi zinaungua na taa zinakuwa za njano kama kibatari. Weka relei mbili za umeme (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), ya ful na ya dimu. Mguu wa 30 unapata moto toka betri kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye taa, 86 unapokea ule waya wa bluu wa zamani, 85 ethi. Hii pekee yake, bila kubadilisha balbu, watu watakuuliza umeweka taa gani.

Kuunga waya, mi natumia teminali za kubana kwa koleo lake halisi, sio praiza. Mafundi wengi wanapenda kuunga kwa risasi ya kuyeyusha, lakini risasi inafanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, na hapo hapo ndo unakatika kwa barabara zetu. Kusokota na kufunga tepu, hiyo iacheni kwenye redio.

Mikanda ya ethi sasa: betri kwenda chasisi, injini kwenda chasisi (huu ndo ulioniunguza), bulkhedi kwenda chasisi, bodi ya nyuma, na waya mweusi kwa kila taa ya mbele. Dashi nayo usiisahau, kuna kifaa kidogo nyuma ya geji kinachopunguza volti hadi kama 10 kwa ajili ya geji za mafuta na joto, kikikosa ethi geji zote mbili zinapanda. Nilishawahi kubadilisha themostati na kuzibua rejeta kumbe gari haichemki hata kidogo, ni skrubu moja nyuma ya dashi.

Kupima kabla hujajidai

Usiweke betri moja kwa moja. Swichi zote zima, chukua balbu ya wati 21, ile ya breki, iunge katikati ya positivu ya betri na kebo ya gari. Balbu ikiwaka kwa nguvu kuna shoti, na hamna kilichoungua kwa sababu balbu ndo imebeba. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka izime. Balbu ikikaa kimya, washa mzunguko mmoja mmoja. Starta usiiguse bado, balbu haiwezi kuilisha.

Balbu ukishaitoa na betri imefungwa kweli, washa taa kubwa, weka multimita kwenye volti, pini moja negativu ya betri pini nyingine kwenye chuma cha kishikio cha taa. Ikisoma zaidi ya 0.2 ethi yako mbovu. Fanya hivyo taa za nyuma pia. Afu mtu apige starta wewe ukiwa na pini kwenye injini na kwenye negativu ya betri, ikizidi 0.5 rudi kwenye mkanda wa injini. Injini ikiwaka na kukimbia kidogo, betri isome kati ya 13.8 na 14.4.

Dalili moja ya kuijua kwa macho: ukikanyaga breki na indiketa zikawaka kidogo, au ukiwasha indiketa na paking zikawa zinakonyeza nazo, usibadilishe swichi, usibadilishe flasha. Taa ya nyuma imekosa ethi na umeme unarudi kupitia balbu ya jirani.

Kilomita za kwanza

Mi nilikwenda Muheza na kurudi, mchana, spana kwenye siti. Niliporudi yubolti zote nane zilikubali karibu robo zamu. Rudia tena baada ya kilomita 200 hivi, pamoja na bolti za miguu ya bulkhedi na za springi. Usiku endesha nusu saa taa zikiwa ful, simama, pitisha vidole kwenye boksi la fyuzi na teminali za betri, penye moto wa kukufanya utoe mkono ndo penye muungo mbaya. Ya kwangu ilikuwa moja tu, fyuzi ya taa kubwa kushoto, teminali sikuibana vizuri. Na kila masika ikiisha nafungua ile bolti ya ethi kwenye mtambao wa nyuma, naisafisha, naipaka vaselini, naifunga, dakika tano. Choki nilibadilisha waya, ganda la zamani lililoungua nimelitundika bandani juu ya meza ya spana.